Gunia Halipigi Kasia

Tangu mto Pangani uanze kupita kati ya Handeni na Korogwe, hajazaliwa mwanamke wa kumshinda Mwanaisha binti Sharifu kwa kupiga kasia. Maneno hayo aliyasema mwenyewe, kila asubuhi, kwa kila abiria aliyepanda mtumbwi wake kwenda soko la Mnyuzi. Abiria akishaguna kwa heshima, Mwanaisha aliongeza polepole, kama anayetia chumvi mchuzi ulioiva: "Ila nisidanganye. Miaka kumi na tisa yote wanawake wenye mtumbwi hapa tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa anaogopa maji."

Watu walicheka, naye alicheka, maana kejeli ya kujipiga mwenyewe haitoi damu. Damu ilianza kutoka pale mumewe, Isihaka, alipooa mke wa pili kutoka Kang'ata.

Mke mwenyewe aliitwa Mwaija. Kang'ata ni nchi ya mahindi na vumbi. Mto wenye maji mwaka mzima Mwaija alikuwa hajauona. Siku ya kwanza alivuka amepiga magoti, ameshika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili, anasoma aya zote alizofundishwa madrasa na nyingine za kubahatisha. Mwanaisha alifurahi sana siku ile. Jioni alimpikia pilau.

Furaha ilidumu miezi mitatu. Mwaija alikuwa mrefu, mwembamba, mikono karibu iguse magoti, kama mlingoti wa mkonge uliovishwa khanga. Mwanaisha alikuwa mfupi, mpana, amejaa kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Pale kivukoni wakasema Isihaka sasa nyumba yake imekamilika, ana kinu na ana mchi. Mwanaisha akawajibu kwamba kinu kinakaa miaka yote, michi ndiyo huvunjika. Kisha yule mchi ukajifunza kasia. Pigo moja la Mwaija lilisukuma mtumbwi kama mapigo mawili ya Mwanaisha, na abiria si wajinga.

"Leo zamu ya yule mrefu?" akauliza muuza nyanya mmoja, mguu wake mmoja ndani ya mtumbwi, mwingine bado nchi kavu.

"Zamu yangu."

"Ahaa. Basi ngoja, mama Hussein, kuna kitu nimesahau nyumbani."

Alichosahau ni adabu. Mwanaisha alivuka siku ile na mbuzi mmoja, kikapu cha mayai na wivu. Mbuzi alilipiwa nauli, mayai yalilipiwa nauli. Wivu ni abiria mzito kuliko wote, na halipi.

Sasa mwaka huu, masika yalipokwisha na maji kutulia, chama kimoja cha michezo ya wanawake kikatangaza mashindano ya makasia mtoni, mashua za watu wanne wanne. Akaja mwalimu wa mazoezi, Edna, binti wa mkata mkonge wa Ngombezi, mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi. Watatu alikwisha wapata huko huko Ngombezi, wanawake wa mashambani waliozoea kubeba mizigo ya mkonge. Ilibaki nafasi moja, na ndiyo nafasi yenyewe: kiti cha mwongoza pigo. Anayekaa hapo wenzake wote humfuata, akivuta, wanavuta.

Kiti kile Mwanaisha alikwisha kukihesabu chake kabla mashua hazijaletwa. Nani mwingine? Mto huu ameujua tangu baba yake akimfunga kwa khanga kwenye mtumbwi asidondoke. Kikienda kwa mwingine, avue jina lake alitundike mtini.

Lakini mwalimu hakuuliza habari za baba wala khanga. Alikuja na futikamba, mizani ya kusimamia, na mashine ya ajabu, akaviweka vyote barazani kwa ofisi ya kata. Mashine ilikuwa na kiti kinachoteleza kwenye reli, mahali pa kukanyagia miguu, na mnyororo wenye mpini wa kuvuta. Mbele kulikuwa na kioo kidogo cha kuhesabu mita.

"Mwalimu, mtumbwi huu unakwenda wapi?" Mwanaisha akauliza.

"Hauendi, mama. Unapiga kasia ukiwa hapa hapa."

"Basi abiria wake wana subira."

Waliojitokeza walikuwa wanane. Edna akawapima urefu, akawapima mikono iliyonyoshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, akawapima miguu na mapaja, mpaka Mwanaisha akataka kujua kama anatafutwa mchezaji au inakatwa sanda. Mizani ikasema Mwanaisha ana kilo sitini na nne. Mwaija, pamoja na urefu wote ule, hamsini na saba.

Wakapanda mashine mmoja mmoja, mita elfu moja kila mtu. Sita waliachwa mapema. Mmoja alishuka katikati akasema amekumbuka maharage motoni. Wakabaki wake wa Isihaka. Mwanaisha alitumia dakika nne na sekunde thelathini na moja. Mwaija, dakika nne na sekunde thelathini na nne.

Mwanaisha alishuka anahema, akatazama huku na huku apigiwe makofi. Wakapiga. Lakini mwalimu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimzunguka Mwaija kama mnunuzi anavyomzunguka ng'ombe mnadani.

"Mama, wewe una nguvu na una pumzi," Edna alisema, macho bado kwa Mwaija. "Mwili wako umeiva, umefika. Huyu bado. Angalia urefu huu. Angalia mikono. Mkono mrefu unachukua maji mengi kwa pigo moja. Dada, nani alikufundisha kuanza na miguu? Wote wanavuta kwa mikono. Wewe umesukuma kwa miguu, ukalaza mgongo, mikono imekuja mwisho."

"Kisima cha kwetu, mwalimu," Mwaija akajibu kwa aibu. "Kamba yake ndefu mno. Unakanyaga jiwe, unaegemea nyuma. Ukivuta kwa mikono peke yake unarudi nyumbani na kiu."

Watu wakacheka kicheko kizuri. Isihaka, aliyekuja kutazama huku jembe liko begani, akacheka kuliko wote, kisha akaitazama mikono ya mke wake mdogo kama mtu aliyegundua kwamba shamba lake lina kisima. Mwanaisha aliliona lile jicho. Katika ndoa ya miaka ishirini na mitano, yeye mikono yake ilitazamwa mara moja tu, alipoungua na mafuta ya maandazi.

"Sichagui leo," mwalimu akasema. "Mazoezi kila jioni, wiki sita, halafu tunarudia. Na jueni, kila kilo uliyo nayo mashua itaibeba..."

Alikuwa hajamaliza, nyuma ya maneno yale kulikuwa na "lakini" inakuja. Mwanaisha hakuisubiri. Alikwisha shuka ngazi, maana kichwani mwake taa ilikuwa imewaka.

Kila kilo mashua itaibeba! Nani wa kumfundisha hilo? Ndiyo elimu yake. Weka gunia moja la mahindi mtumbwini, unakwenda. Weka matatu, mtumbwi unalamba maji kingoni na mamba wanaanza kupiga hesabu. Mtu mnene vilevile. Alimketisha katikati na kumwambia asipige chafya. Kwa Mwanaisha, baada ya miaka kumi na tisa ya kuvusha watu, mtu mnene alikuwa gunia lenye miguu. Kumbe dawa ilikuwa nyepesi: amlishe Mwaija mpaka awe gunia, na yeye mwenyewe akonde mpaka awe unyoya.

Nyumbani kwao, kama nyumba nyingine za wake wawili, zamu ya mume na zamu ya jiko huenda pamoja. Mwenye zamu ndiye anayepika. Jioni ile ilikuwa zamu ya Mwaija. Alirudi kutoka mazoezini akamkuta bi mkubwa amekaa kwenye kigoda chake, anasonga ugali wa dona.

"Dada, leo si zamu yangu?"

"Ya mume ni yako, mdogo wangu. Ya sufuria niachie mimi. Wewe una mazoezi."

"Na wewe je? Si nawe una mazoezi?"

"Mimi nimezaliwa mazoezini. Kaa, kula."

Mwaija akala. Ugali mlima, perege wawili wa mtoni waliotiwa nazi, mlenda, na juu yake maziwa lita moja ya mama wa Kimaasai apitaye asubuhi. Kulipokucha, uji wa karanga. Mchana, maharage na ndizi. Mwanaisha alichinja hata jogoo wake mwenyewe, jogoo aliyemkatalia mkwewe siku ya Idi.

"Wewe mbona huli?" Isihaka akamuuliza.

"Mpishi anakula jikoni, baba Hussein. Mimi nimeshiba kwa kuonja."

Hakuna anayebishana na mpishi. Ukweli ni kwamba jikoni hata mchuzi aliouonja aliutema. Alikunywa chai kavu asubuhi na chai kavu jioni, na katikati alilamba chumvi na kuhesabu mapaa ya nyumba. Kila jioni alikwenda barazani kwa ofisi ya kata, akavuta mnyororo na tumbo linaimba taarabu. Mwaija alivuta baada yake, akakimbia kupanda tuta la reli na kushuka mara kumi, akarudi nyumbani anafuata harufu ya chungu kama ndama.

Jirani yao Maryamu, mwenye ulimi usio na kituo, akaanza kusifu mtaa mzima. "Hebu waoneni wake wenza! Mwanaisha una moyo wewe. Mimi wa kwangu ningempa uji wa moto usoni."

"Tunaishi tu, jirani," alisema Mwanaisha, akainamisha macho chini kwa unyenyekevu aliouazima.

Wiki ya tatu mpango ulianza kufanya kazi, na hapo ndipo ulipoharibika. Mwaija alinenepa kweli. Ila hakunenepa kigunia. Mashavu yalijaa, shingo ikapata mikunjo miwili ya kupendeza, mgongo ukapanuka, mapaja yakakaza, na khanga ambayo zamani ilimning'inia kama kwenye kamba ya kuanikia sasa ilikuwa na kazi ya kufanya. Muuza nyanya akavuka mto mara tatu kwa siku moja, na nyanya zenyewe hazikuwepo.

"Mwenzio unamlisha nini?" Maryamu akauliza. "Nipe siri. Binti yangu anaolewa mwezi ujao, nimemtia ndani wiki mbili sasa, nampaka liwa, nampa maziwa, bado mifupa. Wako unamtoa juani na amenawiri kuliko mwali!"

Huko kwao mwali hulishwa anenepe ili apendeze, jambo ambalo mtoto wa miaka saba analijua, na Mwanaisha, mwanamke mzima mwenye wajukuu, alikuwa ameliweka kando kwa kufikiria magunia.

Isihaka naye akabadilika. Akatengeneza bawaba ya mlango wa Mwaija, iliyokuwa mbovu tangu ndoa. Akaanza kunyoa ndevu siku za katikati ya wiki. Siku moja akarudi kutoka Korogwe mjini na doti mbili za khanga, moja kila mke, sawa kwa sawa kama sheria inavyotaka. Mwaija alivaa yake, ikamkaa. Mwanaisha alivaa yake, ikamzunguka mara mbili na kubaki ya kufungia mzigo.

"Bi mkubwa," mumewe akasema kwa upole, "una mawazo? Unapungua."

"Umri, baba Hussein."

"Umri huwa unaongeza."

Usiku ule Mwanaisha alilala chali akisikiliza kicheko kutoka chumba cha pili. Angeweza kuacha. Angeweza kuamka asubuhi, akapika kidogo, akala kingi. Lakini alikwisha lipa jogoo, na zaidi ya jogoo, kiti kilikuwa bado hakina mtu. Akajiambia: na apendeze. Siku ya mizani itasema. Urembo si kasia.

Siku yenyewe ikafika. Baraza likajaa, Isihaka alikuwepo, Maryamu alikuwepo mbele kabisa. Mwaija akapanda mashine kwanza. Akakanyaga, akasukuma, akalaza mgongo. Mnyororo ulitoka na kurudi, ukatoka na kurudi, bila haraka, kama anateka maji ya familia yake. Edna akatazama kioo, akakipangusa, akatazama tena.

"Dakika nne na sekunde kumi na mbili!"

Baraza likalipuka. Mwanaisha akajifunga khanga vizuri, akakaa. Mita mia tatu za mwanzo alivuta kwa hasira, na hasira ina mafuta mazuri lakini ni kidogo. Mita mia tano, mikono ikawa ya mtu mwingine. Mita mia saba, mnyororo ukawa mzito kana kwamba mwisho wake umefungwa kiboko. Akaona vidoa vyeusi. Akasikia kwa mbali Maryamu akisema, "Jamani, mshusheni!" Hakushuka. Alifika mita elfu moja kwa dakika nne na sekunde hamsini na tatu, akaangukia begani kwa mwalimu.

Wakampa maji ya sukari. Alipopata pumzi ya kwanza hakuitumia kwa jambo lingine. "Mizani!" akasema. "Mpimeni! Mizani bado!"

Mwaija akapanda mizani. Kilo sitini na tatu.

"Mmeona?" Mwanaisha akainuka nusu. "Ameongeza sita! Mashua itazama hiyo!"

Mwalimu Edna akachuchumaa mbele yake, akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Mama, siku ile uliondoka kabla sijamaliza. Kila kilo mashua itaibeba, lakini kuna kilo inayobebwa na kuna kilo inayobeba. Huyu alikula na kuvuta, akala na kukimbia. Zile kilo sita ziko mgongoni na mapajani, zinafanya kazi. Wewe miaka yote umevusha magunia. Gunia halipigi kasia."

Mwanaisha akauhesabu ugali wote, perege wote, lita zote za maziwa, akamhesabu jogoo. Kumbe wiki sita nzima alikuwa anampikia mwenzake kiti.

"Panda nawe, mama, nikuone," Edna akasema.

Kilo hamsini na sita.

"Umepoteza nane! Mama, ulikuwa unakula kweli?"

"Nilikuwa nakula jikoni," alisema Mwanaisha. "Nakula sana tu."

Mwaija alimtazama. Edna akaguna, akafungua daftari lake, akaandika, mara akanyanyua kichwa kama aliyeguswa.

"Subiri kwanza. Mama, mto huu unaujua wote?"

"Naujua mpaka mamba kwa majina ya mama zao."

"Na sauti unayo. Sikia. Mashua zilishushwa Korogwe jana jioni, nikapigiwa simu. Kumbe zina kiti cha tano, nyuma kabisa, kisicho na kasia. Anakaa mtu mwepesi, anashika usukani, anawaamrisha wapigaji. Kilo hamsini na sita ni nzuri kabisa."

Mwanaisha akashuka mizani. "Anatazama upande gani huyo?"

"Anatazamana na wapigaji. Wa kwanza mbele ya uso wake ni mwongoza pigo. Mwaija."

"Nikisema vuta?"

"Anavuta."

"Nikisema kaza?"

"Anakaza."

"Na akichoka, nisiposema basi?"

"Anaendelea mpaka useme."

Rangi ikamrudi Mwanaisha usoni, kidogo kidogo, kama jiko lililopulizwa. Akakaa sawasawa. Akamtazama Isihaka, ambaye bado alikuwa na huruma machoni, na huruma ya mume mbele ya mke mwenza ni kitu kisichomezeka hata kwa maji ya sukari. Akamtazama Maryamu, ambaye kesho mtaa mzima ungemsikiliza. Akaona heri aweke mambo sawa mapema.

"Sasa nitasema kweli, mbele ya mume wangu," alianza, mkono kifuani. "Kiti hicho ndicho nilichokitaka tangu siku ile ya kwanza. Kasia nilimwachia mdogo wangu kwa moyo mweupe. Nikamlisha apate nguvu, na mimi nikajinyima chakula makusudi, nipungue, nifae kukaa hapo nyuma. Yote nilikwisha yapanga. Sikutaka tu kujisifu."

"Una moyo wewe!" Maryamu akapiga kofi. Isihaka akatikisa kichwa kwa mshangao, machozi karibu yamtoke.

Mwalimu Edna aliacha kuandika. "Siku ya kwanza, mama? Wiki sita zilizopita?"

"Siku ile ile."

"Mimi mwalimu habari za kiti cha tano nimezipata jana magharibi, kwa simu. Wewe nani alikuambia?"

Baraza zima likamgeukia Mwanaisha, na kabla hajapata pa kutokea, Mwaija akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia chumvi, "Na kule jikoni, dada, nani alikuwa anakula?"

Mwanaisha akanyoosha kikombe, akaomba aongezewe maji ya sukari.